Wageni Wenye Sauti ya Kadiri

Kaltumu alipotoka eda, shemeji yake Damascène alikuja na mita ya chuma kupima sale, ukumbi wao wa filamu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nguo zikiwa bado kwenye beseni. Mita ilikuwa ya kujikunja yenyewe, na kila Damascène alipokaribia ukuta wa pili ile ncha ya kwanza iliponyoka na kumrudia mbio kama mjusi. Kaltumu alimtazama akihangaika, kisha akakamua mikono, akaenda akashika ncha. Wakapima pamoja, yeye upande wa mlango, shemeji yake upande wa televisheni.

"Asante, shemeji," Damascène alisema. "We uko na mukono ya nguvu."

Sale ilikuwa chumba cha mbao na mabati kilichoegemezwa kwenye nyumba yao huko Mbugangari, mjini Gisenyi, karibu na barrière ndogo, lango la mpakani la kwendea Goma. Ndani mlikuwa na mabenchi, televisheni, deki ya video na spika moja. Watu walikuja kutazama filamu mchana, kwa sababu mwaka ule wa vita usiku kila mtu alikaa kwake. Damascène aliuza mbao, na alitaka mahali pasipovuja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesubiri eda iishe hadi siku ya mwisho, ingawa yeye mwenyewe ni Mkatoliki, na mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Ndugu yake, marehemu Kadiri, ndiye aliyesilimu, ili amuoe Kaltumu.

"Hamukuzaa," Damascène alisema, akiandika vipimo kwenye kiganja. "Kama mungekuwa na kijana, sisi hatungesema kitu. Bon. Dimanche, kisha misa, jamaa itakaa hapa. Shangazi Mukantwari atakuja toka Nyamyumba. Ni ya kumaliza mambo vizuri tu."

"Na mi nitaenda wapi?"

"Kwenu."

Kwao Kaltumu palikuwa Cyanzarwe, ambako hapakuwa tena na mtu wala mlango. Damascène alijua. Aliachia mita, ikarudi ndani ya kisanduku chake.

Kadiri alikuwa amekufa mwezi wa pili kwenye barabara ya Ruhengeri. Mwaka ule ilitosha kusema hivyo.

Kazi yake ilikuwa kusemea filamu. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, na kila mtu aliyefungua mdomo kwenye picha, Kadiri alimsemea kwa Kiswahili cha Goma. Kiingereza hakukijua, wala Kichina. Alitazama nyuso, akasema yale ambayo mtu mwenye uso kama ule angesema. Waliorudi kutoka Uganda, ambao Kiingereza walikielewa, walijaribu mwanzoni kumsahihisha, kisha wakaacha. Maneno yake yalikuwa mazuri zaidi.

Filamu iliyojaza sale kuliko zote ilikuwa kwenye kaseti isiyo na jina aliyoipata soko la Virunga, Goma. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya Wamarekani, ya ule wakati walipokuwa wametengeneza bomu la atomiki na kuanza kuogopa mbingu. Ilitengenezwa na watu wasio na kitu. Chombo cha wavamizi kilikuwa sahani mbili zilizofunikana, zikining'inia kwenye nyuzi ambazo mtu yeyote aliziona. Wavamizi wenyewe walikuwa watatu, wamevaa karatasi ya kung'aa kama ile ya chokoleti, na zipu mgongoni, na kila mmoja amefunikwa kichwa kwa kitu kinachofanana na sufuria. Walishuka jangwani. Palikuwa na jenerali, na profesa mwenye maabara, na msichana wa kazi wa profesa aliyepiga kelele. Mwisho wa filamu haukuwapo. Mtu fulani wa Goma alikuwa amerekodi harusi juu yake, kwa hiyo baada ya vitisho vyote ilitokea keki, na bibi harusi, na wajomba wakicheza. Kadiri aliona huo ni mwisho unaofaa, akausemea hivyo: wamepatana, wamealikana.

Pale mkubwa wa wavamizi aliposimama jangwani na kuinua mikono, ni wazi alikuwa anatishia kuichoma dunia. Lakini Kadiri aliona mtu aliyesimama nje bila kupewa kiti, na uso ule aliujua. Miaka ile watu walikuwa wanarudi Gisenyi, wengine baada ya miaka thelathini, wengine baada ya miwili, wakikuta watu wengine sebuleni mwao wanakula. Kwa hiyo mkubwa wa wavamizi alisema: "Bon. Hodi. Tumetoka mbali. Tunaomba kiwanja." Na jenerali akajibu: "Muko na kartasi?"

Sale ilicheka hadi mabati yakalia. Walicheka waliokuwa na nyumba, na walicheka waliokuwa wanaidai.

Ijumaa, baada ya swala, Kaltumu aliwafungulia watu mlango wa sale kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alihitaji sabuni na unga, na kaseti ile ndiyo iliyokuwa karibu. Watu walikuja wakajaa. Kigoda cha Kadiri kilikuwa mahali pake, maikrofoni juu yake, na hakuna aliyekigusa.

Filamu ilikwenda bila maneno ya kueleweka hadi pale jangwani. Mkubwa wa wavamizi akainua mikono, akasema yake kwa Kiingereza, akanyamaza kusubiri, kama alivyozoea. Hakuna aliyemsemea. Jenerali naye akasubiri. Upepo wa jangwani ulivuma kidogo, kisha nao ukaacha. Mkubwa akashusha mikono, akageuza ile sufuria yake polepole, akakitazama kigoda kilicho nje ya kioo. Alikitazama kwa muda. Kisha akawapungia wenzake, na wote watatu wakatembea wakatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto.

Filamu iliendelea bila wao. Jenerali alipiga mizinga jangwa tupu. Msichana wa profesa alifungua mlango, akapiga kelele mbele ya mtu asiyekuwepo. Halafu harusi ikaja, na watu wakatoka, na mmoja akamuuliza Kaltumu kama Jumatatu kutakuwa na karate.

Kesho yake asubuhi wavamizi walikuwa kwenye barrière ndogo, upande wa Goma, katikati ya mwanamke mwenye madumu ya mawese na mwanamume mwenye godoro kichwani. Kaseti ilikuwa imetoka Goma, nao walifuata njia yake. Walikuwa bado weusi na weupe, jambo lililowafanya waonekane kama watu waliokatwa kwenye gazeti. Chombo chao kiliwafuata kwa juu, kikiyumba, nyuzi zake zikipanda hadi kwenye wingu, na kikasimama pale katikati ya nchi mbili, kwa kuwa vyombo vya usafiri hupita barrière kubwa.

Nyuma yao alisimama Libérata, jirani wa Kaltumu, akiwa na vitenge na ndoo tatu mpya. Yeye ndiye aliyesikia yote.

"Munaleta nini?" aliuliza mtu wa forodha.

Mkubwa akainua mikono. "Bon. Tumekuja kubeba dunia."

"Dunia yote ao kipande?"

"Tunaomba kiwanja."

Mtu wa forodha akatazama mikono yao, akazunguka akatazama na migongo. "Hamuna muzigo?"

"Tumetoka mbali."

"Hiyo hailipiwi douane. Mupite. Musifunge njia."

Libérata alikuwa ameweka ndoo chini. "Yewe, Kadiri!" aliita. Wote watatu wakageuka. "Bibi yako anateseka huku, na we unatembea na sufuria ku kichwa?"

"Bon," akasema mkubwa. "Hodi."

Hapo Libérata akajua si yeye. Kadiri angemjibu kwa tusi, kisha angemuuliza hali ya watoto. Lakini sauti ilikuwa yake, na ile "bon" ya kupitia puani ilikuwa yake, na Libérata alisimama kidogo akaangalia upande wa ziwa. Kisha, kwa kuwa mikono yao ilikuwa mitupu, akampa kila mmoja ndoo, akawaongoza.

Kaltumu alikuwa anachambua maharage uani aliposikia nyuma ya ua: "Hodi. Tumetoka mbali."

Mkono wake ulibaki ndani ya ungo. Kuku mweupe alikuja akala maharage mawili pembeni mwa vidole vyake, akaenda zake.

"Karibu," Kaltumu akasema, akainuka kuongeza maji kwenye birika.

Walikaa kwenye benchi moja wakilingana. Mara kwa mara mstari mweupe, ule wa kaseti iliyochoka, uliwapita vifuani kutoka chini kwenda juu, nao waliacha kusogea mpaka upite. Wote watatu walikuwa na sauti moja. Kaltumu aliwapa chai. Sufuria zile hazikuwa na tundu, kwa hiyo walishika vikombe hadi chai ikapoa, wakavirudisha kwa adabu.

Aliwauliza kama walisafiri vizuri. Aliwauliza kama kule kwao kuna baridi. Mwisho, huku akifuta meza ambayo ilikuwa safi, aliwauliza kama wanajua kusema jina lake.

Mkubwa alitafuta. Hawakuwa na neno hata moja isipokuwa yale aliyowapa Kadiri, wao na wengine wote wa kwenye filamu. Aliwapa mengi, kwa sababu hakuna siku aliyosemea filamu ile sawasawa na jana yake. Lakini jina la mke wake hakulitaja kamwe kwenye maikrofoni. Kaltumu alikaa mlangoni akikusanya kiingilio, na Kadiri alimwita kwa kazi yake.

"Caissière," mkubwa akasema. "Funga mulango, jua linaingia."

Kaltumu akaenda akafunga mlango wa uani. Alikaa upande wa pili wa mlango ule kwa muda. Aliporudi kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa upya.

"Waulize ya profesa," Libérata alimwambia. Alikuwa ameshapangusa ndoo zake zote. "Ile siku ya funguo. Hawa si walikuwa nyuma ya rido?"

Kwenye filamu kuna mahali profesa anamkabidhi msichana wake wa kazi funguo za maabara kabla ya kwenda kuonana na wavamizi. Wavamizi wenyewe wamejificha nyuma ya pazia, miguu yao inaonekana. Ni mahali parefu, hapana kelele, na Kadiri alipajaza kwa lolote lililomjia. Siku moja, sale ikiwa imejaa, alimfanya profesa aseme jambo ambalo liliwageuza watu wote kumtazama Kaltumu pale mlangoni, wakicheka, hadi akajifunika uso kwa kanga.

Mkubwa wa wavamizi akainuka. Akasimama kama profesa, bega moja chini, mkono mmoja mbele.

"Bibi yangu, shika funguo," alisema kwa sauti ya Kadiri. "Hii sale iko ya kwako. Nyumba pia. Siku mi nitakufa, ndugu yangu atakuja na machozi. Umupe chai. Usimupe funguo."

Libérata akapiga makofi mara moja. Kaltumu hakupiga. Alimwambia aseme tena, naye akasema tena.

"Kesho mutasema vile mbele ya jamaa?"

"Bon," wakajibu wote watatu.

Jumapili jamaa ilikaa ndani ya sale. Damascène alikuja na suti ya misa. Shangazi Mukantwari aliletwa na baiskeli ya kukodi kutoka Nyamyumba, amekaa upande nyuma ya dereva, fimbo mapajani; alikuwa dada wa baba yao, na katika ukoo ule hakuna ndoa wala ugomvi uliomalizika bila yeye. Majirani walijaza mabenchi ya nyuma. Mbele alikaa Valentin, responsable, yaani mkuu wa seli ya mtaa ule, ambaye alikulia Karagwe na alisema Kiswahili cha Tanzania, chenye kila kitu mahali pake.

"Kabla hatujaanza," Valentin alisema, "wageni hawa watatu wamelala wapi jana?"

"Kwangu," Libérata akajibu.

"Bila kuandikishwa?"

"Nilikuja kwako kuandikisha, we ukawa mu kwaya."

Valentin akafungua karatasi zake, akaandika. Alipouliza wametoka wapi, walisema mbali. Alipouliza shughuli iliyowaleta, walisema kubeba dunia. Alipouliza watakaa muda gani walisubiri mstari mweupe uwapite, wasijibu, naye akaandika kwamba itajulikana baadaye.

Damascène alisema kwanza. Alisema juu ya ndugu yake kwa maneno mazuri, na juu ya Kaltumu pia: hakuwahi kumsikia akigombana, na ugali wake haukuwahi kuwa mbichi. Kisha akasema kiwanja kilikuwa cha baba yao. Kaltumu aliposimama hakusema mengi. Alisema mabati ya sale waliyanunua pamoja na misumari aliigongelea yeye, na kwamba hana kwa kwenda. Mwishoni alisema: "Musiniamini mi. Musikilize yeye." Akakaa.

Mkubwa akaja mbele. Akashusha bega moja, akanyoosha mkono.

Alipomaliza yale maneno ya funguo, Mukantwari akainama mbele juu ya fimbo yake.

"Ni Kadiri wetu," Mukantwari akasema. Alimwita mkubwa karibu, akampapasa kifuani, na karatasi ile ikalia chini ya vidole vyake. "Mwanangu. Kule munakula vizuri?"

"Tumetoka mbali."

"Ninajua, mwanangu. Ninajua." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Damascène naye alilia, kwa kweli, mabega yakitikisika ndani ya suti. Kaltumu alimletea chai. Funguo zilikuwa zimefungwa kiunoni mwake, chini ya kanga.

Valentin alisubiri wapumue. Halafu akauliza kama kuna mtu yeyote anayepinga kwamba sauti hiyo ni ya marehemu. Hapakuwa na mtu. Akauliza kama kuna anayepinga kwamba marehemu aliyasema maneno hayo akiwa hai na mwenye akili timamu. Mtu mmoja wa nyuma alisema yeye alikuwepo siku ile, na yule alikuwepo, na yule pale.

"Mi pia nilikuwa," Damascène alisema, akijifuta na leso. "Nilicheka sana."

Kaltumu akashika funguo chini ya kanga. Libérata akamfinya paja.

"Bon," Mukantwari akasema. "Tumesikia mutoto wetu, na alisema muzuri. Alikuwa anapenda bibi yake, hiyo hakuna mutu anakatala. Lakini kiwanja iko ya jamaa. Na we, Kaltumu, uko kijana bado. Kesho utaolewa na mutu wa Bukavu, na sisi tutakuta mutu wa Bukavu anakaa mu sale yetu na kaptula."

"Shangazi, mi sina mutu wa Bukavu."

"Bado. Mi nilipofiwa nilitoka na sufuria mbili na mukeka. Nilikufa?"

Watu wakamtazama. Hakuwa amekufa.

"Lakini Kadiri si amesema ni yangu?" Kaltumu akauliza. "Si mumemusikia?"

"Tumemusikia, binti yangu. Nani alisema hatukumusikia?"

Valentin akasema kwamba Kigali kuna sheria inayojadiliwa kuhusu wanawake na urithi, na kwamba ikifika itatangazwa kwenye mkutano wa seli kama kawaida. Ilikuwa haijafika. Akapuliza muhuri, akagonga. Sale na nyumba na vyote vilivyomo, televisheni, deki, spika, kaseti, vilikuwa vya Damascène. Kitanda na vyombo vya jikoni vilikuwa vya Kaltumu. Alipewa wiki moja ya kuhama, na Damascène mwenyewe akaomba ziwe mbili.

Hapo mkubwa wa wavamizi akachomoa bunduki yake ya kuchomea dunia, ile ya kwenye filamu. Alimgeukia Kaltumu kwanza. Kaltumu hakutikisa kichwa wala hakukubali. Alikuwa anafungua fundo la kanga, na fundo lilikuwa gumu. Mkubwa akafyatua. Palisikika sauti ya birika linalokaribia kuchemka, na mkwaruzo mweupe ukajichora hewani, ukavuka mabenchi, ukamfikia Damascène kwenye kola ya suti. Damascène akaipangusa kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Vumbi ya kaseti," Libérata akamwambia.

Mkubwa aliigeuza bunduki, akaitazama chini, palipoonekana gundi. Akairudisha mahali pake. Kisha akakaa, na wenzake wakakaa, na sufuria zote tatu zikageukia kwa Mukantwari, aliyekuwa anaomba asaidiwe kuinuka. Walimtazama hadi alipopanda baiskeli. Walimtazama kama wanafunzi.

Kaltumu alifungua fundo, akaweka funguo kwenye kiganja cha shemeji yake. Bado palikuwa na vipimo vya Alhamisi, vimefifia kidogo.

Alihamia kwa Libérata, kwenye chumba cha mbuzi ambaye alikuwa ameuzwa. Kila asubuhi alibeba maharage kwenda Goma na kurudi na kitu kingine. Wavamizi walitaka kumfuata. Walibeba kitanda chake hadi kona ya kwanza, na hapo wakaanza kufifia, kijivu chao kikawa cheupe, hadi ukuta wa msikiti ukaonekana kupitia kwao. Kaseti ilikuwa kwenye droo ya Damascène, na tangu muhuri ule ugongwe wao walikwenda ilipokwenda. Waliweka kitanda chini taratibu, wakarudi.

Damascène alijaza sale mbao kama alivyopanga. Wageni walikaa juu ya mbao. Lakini watu walianza kuja mlangoni alasiri, kwanza wawili, kisha kumi, si kununua, ila kumsikia mkubwa akisema "bon" na kuomba kiwanja. Damascène alikuwa mfanyabiashara. Wiki ya tatu alitoa mbao zote, akarudisha mabenchi, akanunua kaseti za karate, akampa mkubwa kigoda na maikrofoni. Wale wawili aliwaweka kufagia na kukaza waya. Hawakula, kwa hiyo hapakuwa na habari ya mshahara. Kuhusu kiwanja, aliwaambia wasubiri.

Chombo chao kilibaki kikining'inia katikati ya nchi mbili. Wanawake wa biashara walizoea kupumzika chini ya kivuli chake na kupanga upya mizigo, na forodha za pande zote mbili ziliandikiana kuulizana ni cha nani.

Siku moja, mwezi wa nane ulipokuwa unakaribia, Kaltumu alirudi kutoka Goma mapema, beseni tupu kwapani. Alipita mbele ya sale kama alivyopita kila siku. Siku hiyo alisimama.

Damascène alikuwa mlangoni mwenyewe. "Shemeji! Karibu sana! Uko muzima?"

"Niko."

Akanyoosha mkono. Kaltumu akaupokea, wakasalimiana, akamuuliza hali ya watoto, akajibiwa. Alipouachia, mkono ulibaki pale pale, umefunguka. Kaltumu akautazama. Kisha akaweka beseni chini, akafungua fundo la kitenge, akalipa kama watu wengine.

Ndani mlikuwa na giza na joto la watu. Alipata nafasi benchi la katikati, kati ya wanaume wawili ambao hakuwajua. Kwenye televisheni Wachina wawili walikuwa wamesimama juu ya paa, mvua ikinyesha, panga mikononi, na ilikuwa wazi mmoja ameua baba wa mwenzake. Walizungukana. Mmoja akafumbua mdomo, na kutoka kwenye kigoda sauti ya Kadiri ikasema: "Bon. Mbele ya kupigana, nani amefunga mulango ya kuku?"

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa ilikuwa mara ya pili ya wiki hiyo na watu walitaka panga. Kaltumu alicheka. Alianza chini, mkono mdomoni, kisha mkono ukamshinda. Alicheka kama mtu aliye nyumbani kwake, kichwa nyuma, hadi kitambaa kikateleza begani na macho yakamlowa, na Mchina wa pili alipojibu kwa sauti ile ile kwamba kuku wote wamelala, alijipiga goti na kusema kwa nguvu, "Si kweli! Ile nyeupe iko inje!"

Mwanaume wa mbele akageuka.

"We mama, tulia. Siye tulilipa."

"Na mi nililipa," Kaltumu akasema.